Sherehe ni mteja asiyekosa: Jinsi jiji la Kyoto linavyotunza ufundi wa wazee

Ifikapo tarehe 10 Julai kila mwaka, barabara kadhaa katikati ya jiji la Kyoto, nchini Japani, hugeuka kuwa karakana. Mafundi hutoa nguzo za mbao ghalani, huzipanga juu ya lami baina ya benki na maduka, kisha huanza kuzifunga kwa kamba za mabua ya mpunga. Hakuna anayepiga msumari. Baada ya siku chache, kamba hizo huwa zimeshika gari la mbao lenye magurudumu ya kimo cha mtu mzima. Yaliyo makubwa zaidi huwa na mlingoti wa karibu mita 25 na uzito wa kama tani 12.

Gari hilo huvutwa barabarani kwa muda wa saa chache tu. Likirudi, hufunguliwa siku iyo hiyo, kamba hukatwa na mbao hurudishwa ghalani hadi mwaka ujao.

Mtu aweza kuuliza: kazi yote hiyo ya nini? Si lingeundwa mara moja tu kwa vyuma na misumari, likafungiwa bandani, likawa linatolewa kila mwaka? Naam, lingeweza. Lakini wakazi wa Kyoto wangefanya hivyo, kizazi kimoja tu kingetosha kuua elimu ya kufunga kamba hizo. Kijana anayeshika kamba leo hujifunza kwa mzee aliye kando yake, na mwaka ujao atalazimika kukumbuka alichofundishwa. Hapo ndipo ilipo siri ya jiji hili. Sherehe zake za misimu si burudani tu. Ni mteja anayerudi kwa fundi kila mwaka, bila kukosa.

MARADHI YALIYOZAA SHEREHE

Kyoto ilifanywa kuwa mji mkuu wa Japani mwaka 794, na makao ya mfalme yalikuwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi yalipohamishiwa Tokyo katika miaka ya 1860. Mji umezungukwa na milima pande tatu. Kipupwe chake ni cha baridi kali, na wakati wa joto hewa huwa nzito, yenye unyevu usioondoka. Zamani mvua za Juni na Julai zilileta mafuriko, na baada ya mafuriko yalifuata maradhi.

Mwaka 869 tauni ilienea katika nchi. Watu waliamini kuwa ni roho zenye hasira ndizo zilizoleta balaa hilo. Zilisimamishwa silaha 66 zenye mipini mirefu, moja kwa kila mkoa wa Japani ya wakati ule, na ibada ikafanywa ili kuzituliza roho hizo. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Gion Matsuri, yaani sherehe ya Gion, ambayo ni ya hekalu linaloitwa Yasaka na ambayo huchukua mwezi mzima wa Julai.

Karne zilipopita, wafanyabiashara wa mitaa ya katikati ya mji walianza kushindana kwa kuunda magari ya kupendeza. Vita vya Onin, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1467 na 1477, viliuteketeza mji na kuikatiza sherehe hadi mwaka 1500. Mwaka 1533 watawala walipiga marufuku ibada ya hekalu kwa mwaka huo. Wenyeji wa mitaa wakajibu kwamba hata kama hakuna ibada, wao wanataka magari yao yapite. Tangu hapo sherehe imekuwa mali ya mitaa hasa.

Leo yako magari 34. Ishirini na matatu hutoka tarehe 17 Julai na 11 hutoka tarehe 24. Linaloongoza ni Naginata-hoko, ambalo juu ya mlingoti wake hukaa panga lenye mpini mrefu. Mtoto wa kiume aliyevishwa mavazi ya kifalme hukaa mbele ya gari hilo, na ndiye akataye kwa upanga kamba takatifu iliyofungwa kuvuka barabara ili msafara upite.

Jambo linalowasisimua watazamaji zaidi ni kukata kona. Magurudumu ya magari haya hayageuki. Basi wavutaji hutandika vipande vya mianzi chini ya magurudumu ya mbele, huvimwagia maji ili viteleze, kisha kwa sauti moja hulivuta gari kwa kando. Gari la tani kadhaa huteleza hatua kwa hatua hadi linapoelekea njia mpya, na umati hupiga makofi kana kwamba bao limefungwa.

MAKUMBUSHO YANAYOTEMBEA

Magari haya huitwa makumbusho yanayotembea, na jina hilo si la kupamba maneno. Pande zake nne huning'inizwa vitambaa vilivyofumwa kwa hariri, sufu na nyuzi za dhahabu. Vingine vilitoka mbali mno. Yako mazulia ya Uajemi na ya India. Viko pia vitambaa vilivyofumwa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, katika karne ya 16.

Mmojawapo, ambao ni wa gari liitwalo Kanko-boko, una picha ya Rebeka akimpa maji mtumishi wa Ibrahimu, kisa tunachokisoma katika kitabu cha Mwanzo. Ajabu ni kwamba gari hilo lilipita mitaani likiwa na kisa hicho cha Biblia hata katika zama ambazo Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku Japani. Kwa wenyeji, kilikuwa ni kitambaa kizuri kutoka ng'ambo, basi.

Vitambaa vya aina hiyo huchakaa. Jua la Julai huvipausha na mvua huviozesha. Mitaa mingi imeamua kuvihifadhi vile vya asili na kuagiza nakala zake zifumwe upya. Je, nani awezaye kufuma nakala ya kitambaa cha miaka mia nne? Jibu liko umbali mfupi tu kutoka hapo, upande wa kaskazini-magharibi mwa jiji, katika mtaa wa Nishijin.

WAFUMAJI WA KAMBI YA MAGHARIBI

Neno Nishijin lina maana ya kambi ya magharibi. Katika Vita vya Onin, jeshi la upande mmoja lilipiga kambi hapo. Vita vilipokwisha, wafumaji waliokuwa wamekimbia walirudi na kuweka mitambo yao mahali pale pale palipokuwa na askari, na jina likabaki.

Kazi ya Nishijin ni ya watu wengi. Mmoja huchora nambo, mwingine hupaka nyuzi rangi, wa tatu hutandika mtande, wa nne huandaa nyuzi za dhahabu, na wa mwisho ndiye anayeketi kufuma. Hatua zote zikihesabiwa hupita 20, na aghalabu kila hatua ina nyumba yake na fundi wake. Hata uzi wa dhahabu una kisa chake: dhahabu iliyopondwa ikawa nyembamba kuliko karatasi hubandikwa juu ya karatasi ya Kijapani, kisha karatasi hiyo hukatwa vipande vyembamba kama nywele na kufumwa pamoja na hariri.

Wako mafundi ambao kifaa chao kikuu ni kucha. Huzinoa kwa tupa hadi ziwe na meno kama ya msumeno, kisha hutumia meno hayo kukaza uzi mmoja mmoja mahali pake. Nambo ikiwa ngumu, kutwa nzima hupita na kitambaa kimeongezeka sentimita chache tu. Bidhaa kubwa ya mtaa huu ni obi, ule mshipi mpana unaofungwa kiunoni juu ya vazi la kimono.

Nishijin iliwahi kukaribia kufa. Mfalme na watu wa jumba lake walipohamia Tokyo, wateja wakubwa waliondoka nao. Mitambo ikanyamaza. Lakini mwaka 1872 serikali ya mkoa wa Kyoto iliwatuma watu watatu hadi Lyon, Ufaransa, wakajifunze kutumia mtambo wa Jacquard, ambao hufuata nambo kwa kutumia kadi zilizotobolewa matundu. Mitambo hiyo ilifika, na Nishijin ikapumua tena. Mmoja wa watatu hao, Yoshida Chushichi, hakuwahi kufika nyumbani. Meli aliyopanda ilizama mwaka 1874 ikiwa imekaribia pwani ya Japani.

Kisa hicho kina funzo. Watu wa Kyoto hawakuulinda ufundi wao kwa kuufungia kabatini. Waliuvusha bahari ukachukue ujuzi mgeni, mradi tu kazi iendelee.

GUNDI YA MCHELE NA UA LISILOACHA ALAMA

Ikiwa Nishijin ni ya wafumaji, yuzen ni ya watia rangi. Jina hili lilitokana na Miyazaki Yuzen, mchoraji wa vipepeo vya mkono aliyeishi Kyoto mwishoni mwa karne ya 17, ambaye michoro yake ilipendwa hata ikahamia kwenye nguo.

Fundi wa yuzen huanza kwa kuchora maua na ndege juu ya hariri nyeupe akitumia maji ya ua la buluu ambalo alama yake hutoweka ikioshwa. Kisha hufuata mistari hiyo kwa gundi nyembamba iliyotengenezwa kwa mchele unaonata. Gundi hiyo ni kama ukuta: rangi ikipakwa upande mmoja haivuki kwenda upande wa pili. Baadaye hariri hupikwa kwa mvuke ili rangi ishike, halafu huoshwa gundi itoke, na pale ilipokuwa gundi hubaki mstari mweupe mwembamba kama uzi.

Wazee wa Kyoto bado wanakumbuka mto Kamo ukiwa umetandazwa hariri za rangi zote zikioshwa majini. Kazi hiyo siku hizi hufanywa ndani ya karakana, kwa sababu ya kulinda mito isichafuliwe.

KALENDA YA FUNDI

Kila msimu una sherehe yake, na kila sherehe ina mahitaji yake.

Tarehe 15 Mei huwa ni Aoi Matsuri. Watu zaidi ya 500 waliovaa mavazi ya kale, pamoja na farasi na mkokoteni unaovutwa na ng'ombe, hutoka kwenye jumba la kifalme la zamani na kwenda kwa miguu hadi hekalu la Shimogamo, kisha la Kamigamo. Wote hupambwa kwa majani ya aoi, mmea mdogo wenye majani ya umbo la moyo. Mwanamke anayekuwa kiini cha msafara huvaa vazi la hariri la tabaka nyingi, moja juu ya jingine. Tabaka hizo zote ni kazi ya mkono.

Tarehe 16 Agosti usiku, mioto mikubwa huwashwa kwenye milima mitano inayolitazama jiji. Mlima mmoja huwaka herufi yenye maana ya "kubwa", na mstari wake mrefu zaidi hufika mita 160. Huo ni mwisho wa siku za kuwakumbuka marehemu. Wenyeji huamini kuwa mababu waliokuja kuwatembelea walio hai huonyeshwa njia ya kurudi kwa mwanga huo. Kuni za msonobari hukatwa, hukaushwa na kubebwa mlimani na jamaa za watu wa vijiji vilivyo chini ya milima hiyo, ambao wamerithi jukumu hilo kwa wazazi wao.

Tarehe 22 Oktoba hufika zamu ya Jidai Matsuri, sherehe ya zama. Hii ni changa ikilinganishwa na nyingine, kwani ilianza mwaka 1895 wakati wa kuadhimisha miaka 1,100 ya mji. Kama watu 2,000 hupita wakiwa wamevaa mavazi ya kila zama za Kyoto, kuanzia karne ya 19 na kurudi nyuma hadi karne ya 8. Mwanafunzi akisimama kando ya njia kwa saa mbili huwa ameliona somo zima la historia likimpita kwa miguu. Na nguo hizo, silaha hizo na hatamu hizo, zote zilibidi zitengenezwe na fundi anayejua hasa zilivyokuwa.

Ongeza kipepeo cha mkono ambacho kila mtu hukihitaji wakati wa joto, vyombo vya udongo vya Kiyomizu, taa za karatasi za usiku wa Gion na wanasesere wa mwezi Machi. Serikali ya jiji inatambua aina 74 za kazi za asili. Ni vigumu kuipata moja ambayo haina siku yake kwenye kalenda.

MTIHANI WA KORONA

Nguvu ya desturi hii ilipimwa mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, msafara wa magari ya Gion ulifutwa, na mwaka 2021 ukafutwa tena. Ilikuwa kejeli ya aina yake: sherehe iliyozaliwa na tauni ilizuiwa na tauni.

Lakini Julai ya mwaka 2021 baadhi ya mitaa ilifanya jambo ambalo mgeni angeliona halina maana. Iliyaunda magari yake barabarani kama kawaida, ikijua kwamba hayatakwenda popote. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja: miaka miwili mfululizo bila kushika kamba ni mingi mno, na mikono itasahau.

Msafara uliporejea mwaka 2022, ulikuwa na gari moja zaidi. Taka-yama, lililoharibiwa na dhoruba mwaka 1826 na kukosekana kwa miaka 196, lilikuwa limejengwa upya. Kabla yake, mwaka 2014, lilirudi Ofune-hoko, gari lenye umbo la meli ambalo liliungua katika moto mkubwa wa mwaka 1864. Kwa miaka 150 mtaa huo haukuwa na gari, lakini ulikuwa umehifadhi vitambaa na mapambo yaliyookolewa motoni. Wapiga filimbi, ngoma na kengele walirudisha kwanza muziki, ndipo gari likafuata. Maseremala, wafumaji na wapiga nakshi walipata kazi ambayo babu zao hawakuwahi kuipata.

PENGO LIPO

Tusidhani kwamba Kyoto haina wasiwasi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wajapani wengi waliacha kuvaa kimono ila siku za arusi na sherehe. Wafumaji wa Nishijin wanazeeka, na palipokuwa na nyumba za mitambo leo kuna nyumba za kupanga. Hatari kubwa zaidi iko kwenye zile kazi ndogo ndogo: akifa fundi wa mwisho anayetengeneza chanuo la mtambo, mfumaji aliye hodari hukwama.

Hata porini kuna pengo. Wakati wa Gion, mitaa mingi huuza chimaki, kifungu cha majani ya mianzi midogo kinachotundikwa mlangoni mwaka mzima kuzuia maradhi. Katika miaka ya 2000, mianzi hiyo ilichanua maua katika milima ya kaskazini ya jiji na kufa, kama ifanyavyo baada ya miongo mingi. Miche mipya ilipochipuka, paa waliila. Ilibidi watu wazungushe nyua. Majani ya aoi nayo yamepungua, na wanafunzi wa shule wameyapanda vyunguni na kuyarudisha hekaluni ili msafara wa Mei usikose pambo lake.

Serikali ilipitisha sheria ya kukuza kazi za asili mwaka 1974. Ili ufundi utambuliwe, sehemu kubwa ya kazi iwe ya mikono, mbinu zake ziwe na umri wa miaka mia moja au zaidi, na bidhaa iwe ya kutumiwa katika maisha ya kila siku. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kizito. Sheria haitaki vitu vya kuwekwa kioo mbele. Inataka vitu vinavyochakaa, vikanunuliwa vingine. Ndiyo maana kampuni ya Hosoo ya Nishijin, iliyoanza mwaka 1688 na kujulikana kwa obi, sasa hufuma vitambaa vipana vya kuwambwa kwenye kuta za maduka ya Dior.

NENO ALILOLIBEBA WANGARI MAATHAI

Liko jambo moja linalotuunganisha sisi Wakenya na jiji hili. Mkataba wa Kyoto kuhusu hali ya hewa ulianza kufanya kazi tarehe 16 Februari 2005, na mmoja wa wageni walioalikwa kwenye hafla yake huko Kyoto alikuwa Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ametoka tu kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika ziara hiyo ya Japani alijifunza neno "mottainai", ambalo Wajapani hulisema wanapoona kitu kizuri kikipotezwa bure. Hulisema mama akiona wali umebaki sahanini, na fundi akiona uzi umetupwa.

Profesa Maathai alilipenda neno hilo, akalitangaza ulimwenguni hadi alipofariki mwaka 2011. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, alitoa furoshiki iliyopewa jina hilo. Furoshiki ni kitambaa cha mraba cha kufungia mizigo, ambacho mama yeyote wa Mombasa mwenye leso angekielewa bila kuelezwa.

Neno hilo laweza kusemwa juu ya ujuzi pia. Kitambaa kikichanika hushonwa, na chombo kikivunjika huungwa. Mkono uliosahau hauungwi. Kyoto imelijua hilo kwa zaidi ya miaka elfu, na dawa iliyoipata si makumbusho wala hotuba. Ni tarehe. Tarehe 17 Julai itafika, gari litapita, na lazima mtu awepo anayejua kulifunga.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kyoto imeongeza lake: anayechezwa kila mwaka hatasahaulika. Mzazi anayesoma ukurasa huu Jumapili ya leo, akiwa na mtoto kando yake, na ajiulize: katika mwaka wa jamaa yake, ni siku gani ambayo haiwezi kupita bila kazi ya mikono ya fundi wa kwao? Ikiwa ipo, aishike. Ikiwa haipo, hajachelewa kuitenga.